Muziki Unaosimamasimama

Poni,

Habari za soksi tumezimaliza. Habari za dawa, za nakala za pasipoti na za kukalia begi lako pale uwanja wa ndege wa Nairobi, hizo nazo nimezisema mpaka ukaniambia, "Mathe, nimesikia, hata ukuta umesikia." Kwa hiyo barua hii haina agizo hata moja la namna hiyo. Nimejikataza. Nikijiona naelekea kwenye sweta nitaikata hiyo sentensi.

Umekwenda kuwaaga watu wa kwaya na umesema utarudi kabla ya chakula. Jua bado liko juu ya mabati. Nimeketi kwenye meza ile ile uliyowekea kompyuta juzi, na nimefunga mlango ili jirani yetu Mama Sharon asiingie, maana akiniona na kalamu atadhani naandika wosia, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Hai Jalaba utakuwa umekuja kunipa pole.

Naandika kwa sababu tangu juzi mimi na wewe tunaongea kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Chai ipo. Asante. Tiketi umechapisha? Ndiyo. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Cape Town, kwenda kusomea kuandika muziki, na uliniuliza swali nikakujibu ovyo. Siwezi kukuacha uende na jibu lile. Nikikuambia kwa mdomo nitaharibu tena, najijua. Pia naogopa, Poni. Bora niliseme mapema, maana ukisoma mbele utaliona tu.

Nikueleze mchana ule nilivyouona mimi, kwani wewe ulikuwa umenipa mgongo ukihangaika na waya.

Uliniambia umeandika kitu cha vyombo vinne vya nyuzi, na kwamba umekitoa kwenye kazi yangu ya zamani. Nikacheka. Miaka ile niliyotambaa kwa magoti nikitafuta mabomu ya ardhini, jasho likiingia machoni na kioo cha uso kikipata ukungu, ni nani angetaka kuipigia violini? Muziki ninaoujua mimi ni wa kanisani na ule wa harusi. Ukaniambia huko unakokwenda watu huandika muziki kutokana na mambo ambayo si muziki kabisa: mmoja ameufuata mwendo wa nyota, mwingine ameufuata mchwa anavyojenga, mwingine hesabu za mafuriko ya mto. "Kila mtu anachukua alichonacho," ukasema. "Na mimi nina mama."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikakwambia uwashe kabla umeme wa jua haujaisha.

Nitasema ukweli: mwanzoni nilichoka. Vyombo vile vinne vilikuwa vinakwenda kidogo kidogo, kila kimoja kwenye mstari wake, kama havitaki kugusana. Halafu viola inalia mlio mmoja mwembamba na vyote vinanyamaza. Kimya. Kisha chelo inaanza peke yake, chini chini, inakwaruza. Inaacha. Inakwaruza tena. Halafu inatoa sauti moja ya kipuuzi, tik, na vyote vinaendelea kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nawaza maharagwe yaliyokuwa jikoni. Ilikuwa mara ya nne au ya tano, chelo ilipoanza kukwaruza, ndipo magoti yangu yakaanza kuuma. Nikaelewa kwa magoti kabla ya masikio. Kila chombo kilikuwa na njia yake ya upana wa mita moja, kama kila mmoja wetu kazini. Chelo ilikuwa inachimba, na ilikuwa inachimba kutoka ubavuni, vile tulivyofundishwa, kwa sababu bomu halichimbwi kutoka juu. Na ile tik ilikuwa kizibo cha soda.

Poni, nilikuwa sijawahi kukuambia habari ya vizibo. Uliniambia baadaye kwamba ulikuwa unanisikia nikimsimulia shangazi yako kwenye simu. Ulikuwa unanisikia wakati nilidhani umelala, na sasa nimeusikia muziki wake, na sijui nifurahi au nianze kukumbuka yote mengine niliyoyasema kwenye simu.

Hapo ndipo Mama Sharon akaingia na trei ya mayai kutoka dukani kwake, akasimama kusikiliza, uso umekunjamana. "Sasa hii muziki yako mbona inasimama-simama?" akauliza. "Iko na shida gani? Imeisha mafuta?" Ulicheka mpaka ukashika meza. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimesikia jambo lililonikaa vibaya, na nitakueleza ni lipi nikifika.

Alipoondoka ukaweka ile ya pili, yenye mwisho mwingine. Ukanieleza kwamba mwalimu anayekusubiri huko ameisikiliza, ameipenda, lakini anasema watu hawawezi kushikiliwa pumzi muda wote huo halafu warudishwe nyumbani mikono mitupu. Lazima pawe na kilele. Na kwa kuwa ni muziki wa mabomu, kilele kinajulikana: mlipuko. Ijumaa anataka kurasa za mwisho. Kama mwisho hautakuwa na nguvu, wapigaji watachukua kazi ya mwanafunzi mwingine kwa tamasha la kufungua mwaka, na wewe utangoja, labda mwaka ujao, labda usiitwe tena. Hakusema kwa ubaya. Nilisikia ujumbe wake wa sauti, mtu mpole.

Ukabonyeza. Ngoma uliyoiongeza iwe mlipuko ilipolia, vikombe viliruka mezani. Nikainuka, nikavikusanya vyote, nikaenda kuviosha, na vilikuwa safi. Ukanifuata mpaka kwenye beseni. Hukusema Mathe. Ukasema, "Mama, niuweke au niutoe?"

Nami nikasema, "Fanya utakavyo. Muziki ni wako."

Ni maneno mazuri ukiyatazama kwa mbali. Mama wengine wangeyasema kwa moyo safi. Mimi niliyasema vile mtu anavyofunga mlango, na wewe si mjinga, uliusikia ukifungwa. Sasa nikueleze kilichokuwa nyuma yake.

Unajua mwanzo wangu. Nimekulia Kenya, Kakuma kwanza halafu Eldoret, nikarudi huku Juba na wewe ukiwa wa kubebwa, baba yako akachukuliwa na homa kabla hujaweza kumwita. Kazi iliyokuwapo ilikuwa ya kusafisha mabomu, wakichukua wanawake, na mshahara ulikuwa unafika. Watu walisema nimerukwa na akili. Lakini kazi yenyewe, ukiizoea, ni ya kuchosha kuliko kutisha. Ditekta ya kutafutia chuma inalia, unapiga magoti, unachimba kutoka ubavuni, unatoa msumari. Inalia, unatoa mkebe wa samaki. Inalia, ganda la risasi. Siku nzima unatolewa roho na takataka. Nawe hufai kuchoka, kwa sababu takataka ya kesho ndiyo inaweza isiwe takataka.

Rafiki yangu kazini alikuwa Rose, mtu wa Torit, aliyekuwa akipaka mafuta mdomoni hata chini ya kioo cha uso. Siku moja wakati wa mapumziko alikwenda kuchota maji kwenye jerikeni. Hakuwa kwenye sehemu ya hatari. Alikuwa kwenye njia ambayo tulikuwa tumeimaliza, tumeweka vigingi vyeupe, tumeipita wiki nzima. Mimi mwenyewe niliipita asubuhi ile.

Bomu halikulia kama ngoma yako. Ilikuwa sauti fupi na kavu, mlango uliofungwa na upepo. Nilipogeuka Rose alikuwa chini na vumbi lilikuwa bado linapanda. Akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Jane, nimeanguka." Alipoteza mguu. Yuko hai, anauza vitenge Torit, na juzi juzi alinitumia salamu zako. Mpaka leo hakuna anayejua ni nani kati yetu aliyepita na ditekta mahali pale asisikie kitu. Ningeweza kuwa mimi. Nimeyarudia yale maneno, ningeweza kuwa mimi, mara nyingi kuliko ninavyosali.

Kwa hiyo ulipobonyeza, sikukasirika kwa sababu ya sauti. Nilikaa pale nikauona ukumbi wenyewe, viti, taa, watu wamevaa vizuri, ngoma inalia, kimya kidogo, kisha nikawaza: hapa ndipo watapiga makofi. Ndipo nikainuka.

Lakini sikutaka kukwambia, kwa kuwa mwalimu wako anaweza kuwa sahihi. Mimi sijui muziki. Sijui watu wa huko hukaaje kwenye viti muda huo wote wakingoja kizibo cha soda. Mimi mwenyewe mama yako nilikuwa nawaza maharagwe. Nikikwambia uutoe, na wasiupige, nitakuwa nimekukata mguu kwa namna yangu. Nikikwambia uuweke, nitakuwa nimesema uongo. Nikachagua vikombe. Mtu aliyekaa miaka akitafuta hatari kwa kazi, ukimpa swali la kawaida analizunguka na vigingi.

Na nimekuzungusha vigingi wewe maisha yako yote, hilo najua. Watoto wengine walifundishwa kuamkia watu. Wewe ulifundishwa kusimama. Nakumbuka tulivyofanya mchezo: unakimbia uani, nasema "Simama!" na unaganda kama ulivyo, mkono hewani, mguu hewani, na ukiganda vizuri unapata andazi. Wageni walikuwa wanacheka. Mimi sikuwa nacheza. Halafu mapigano yalipokuja mjini nikakupeleka Nairobi kwa shangazi yako, mahali pasipo na bomu hata moja, na nikawa nampigia kila siku kuuliza kama mtungi wa gesi umefungwa. Usiku mmoja akaniambia, "Jane, mtoto anapumua, nimehakikisha mwenyewe. Naweza kulala?" Ni huko uliposhika violini, kwenye okestra ya kanisa. Siku uliponiambia, unajua nilichokuuliza? Nilikuuliza kama ule uzi ukikatika unaweza kuingia jichoni. Mtoto ananiletea furaha yake mkononi, mimi nikaitafuta mahali inapoweza kulipuka. Nimejuta kwa hilo kuliko unavyodhani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Sawa, lakini methali haisemi kitu juu ya mtoto anayekua akimtazama yule anayeshtuka.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Sijui wewe unakumbuka nini. Ulikuwa na miaka mitano.

Tulikuwa tumemaliza shamba moja kubwa kwenye kijiji kusini mwa Juba, ardhi nzuri ya mtama iliyolala vita vyote bila jembe. Sisi tukimaliza hatuwapi watu karatasi tu tukaondoka. Tuna desturi. Tunavua makoti mazito, tunavua vioo vya uso, tunajipanga bega kwa bega upande mmoja wa shamba, na tunalitembea lote mpaka upande wa pili, wenyewe wakitutazama. Ni hivyo tu. Hatusemi kitu. Tukifika, wenye shamba nao wanaingia. Safari ile kiongozi wetu, Wani, alituomba tuje na jamaa zetu, watoto pia, ili watu waone tunaamini kazi yetu.

Mimi nilikuja nawe. Nilikufunga mgongoni kwa kitenge. Miaka mitano, Poni, miguu yako ilikuwa inanipiga magotini. Wani alinitazama tu. Tukapanga mstari, tukatembea, tukavuka. Hakuna kilichotokea, na kisingetokea. Lile shamba nililijua shibiri kwa shibiri, nusu yake niliisafisha kwa magoti yangu.

Upande wa pili alikuwapo habuba mmoja, bibi mwenye shamba, amesimama na jembe lake begani, hana muda wa sherehe. Akanitazama, akakutazama wewe, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Kan haja mafi, ashan shunu jena fi dahar taki?" Kama hakuna kitu, mbona mtoto yuko mgongoni?

Watu wakacheka kidogo. Uso ukaniwaka. Nikafungua kitenge, nikakuweka chini, nikakusukuma kidogo kama mtu asiye na wasiwasi. Wewe ulikuwa umechoka kubebwa. Ukaona uwanja mkubwa ulio wazi mbele yako, ukakimbia. Ulikimbia na mikono juu, unacheka, moja kwa moja katikati ya shamba.

Nami nikapiga yowe. "Poni! Simama!"

Ukasimama. Ulisimama kwa mguu mmoja, mwingine hewani, vile vile nilivyokufundisha, na kicheko kikakukatikia kinywani. Nikawaona wanawake waliokuwa wameshaingia na majembe wakianza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakikanyaga nyayo zao wenyewe, wakatoka nje ya vigingi. Wani akatembea huku na huko akipiga miguu chini, akisema hakuna kitu: "Mafi haja! Mafi haja, ya jamaa!" Hakuna aliyemfuata. Akampelekea habuba karatasi yenye mihuri. Habuba akasema yeye hajui kusoma, lakini amesikia.

Mwaka ule hawakulima. Mvua ilinyesha vizuri, nyasi zikaota mpaka kiunoni kwenye shamba lililo safi kabisa, na watu wa pale wakaenda kuomba mtama kwa jamaa zao. Mwaka uliofuata vijana waliingiza mbuzi mle, mbuzi wakatembea, wakala, wakazaa, na watu wakaamini. Mbuzi walifanya kazi niliyoshindwa kuifanya mimi mwenye mafunzo na cheti. Unaweza kucheka hapo. Mimi bado sijaweza.

Juzi, nikiwa nimeinamia beseni na vikombe visivyo na uchafu, ndipo nilipoelewa kilichonikaa vibaya Mama Sharon alipouliza kwa nini muziki unasimamasimama. Umeniambia mlio wa viola ni ditekta. Poni, ditekta nimeivaa masikioni kwa miaka. Mlio wake unapanda, unakuja polepole ukikaribia chuma, kisha unashuka. Wako haupandi. Unakata ghafla, kutoka juu, na nawaona wapigaji wote wakiganda na fimbo zao hewani.

Hiyo si mashine. Hiyo ni mimi.

Sijui kama ulijua ulipoandika. Huenda hukujua, huenda vidole vyako vilijua. Sitaki uubadilishe, tafadhali usiubadilishe, ni kitu cha kweli kuliko vyote vilivyomo. Ila tangu hapo sijalala vizuri. Nilidhani naogopa Cape Town. Nimemwuliza kila mtu habari zake, nimempigia mlezi wa hosteli yenu mara mbili, naye sasa ananijua kwa sauti. (Nilisema sitaandika maagizo, sikusema sitapiga simu.) Lakini ninachokiogopa hakiko Cape Town. Naogopa kwamba nimekutia ule mlio ndani, na kwamba kila utakapoona uwanja ulio wazi utaganda kwa mguu mmoja ukingoja mtu akwambie. Mwalimu amesema weka, ukasimama. Ukaja kwa mama, ukasimama. Ulikuwa umesimama pale nyuma yangu, na una miaka ishirini, na hicho kitu umekiandika mwenyewe kutoka kwenye kichwa chako.

Ningependa kusema kwamba ndiyo sababu nilikuachia uamue. Si kweli, huko ni kujipamba. Nilikuachia kwa sababu niliogopa, kama kawaida.

Basi jibu langu hili hapa, limechelewa siku mbili. Mimi ningeutoa. Ningeutoa hata kama hawataupiga mwaka huu, hata kama hawataupiga kabisa. Siku nzuri katika kazi yangu ilikuwa siku ambayo hakuna kilicholia, na ukirudi nyumbani hakuna wa kukuuliza, kwa maana hakuna cha kusimulia. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akiisimulia siku hiyo. Hilo tu ndilo ninaloweza kusema kama mtu aliyekuwapo.

Lakini hilo ni langu. Wewe ukikaa nao, ukausikia kwa vyombo vya kweli na si vya kompyuta, ukaona unafaa, uweke. Nitausikiliza mpaka mwisho, nikiwa nimekaa, na sitagusa kikombe. Na kama unataka kujua sisi tulikuwa tunamaliza vipi, ni miguu. Watu kumi na kitu wanatembea kwenye nyasi kavu bila kusema neno, wengine wanafuata, halafu wengine. Katika maisha yangu sijasikia sauti ninayoipenda kama ile, na niliikatiza mwenyewe mara moja. Sijui kama violini inaweza kuwa miguu. Utajua wewe.

Nasikia mnaongea na Mama Sharon pale dukani, umerudi. Anakwambia huko unakokwenda usikubali kula chakula cha baridi. Acha aseme, yeye hakujikataza. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi, utaiona mkiwa tayari angani, ambapo huwezi kuniuliza kitu.

Kesho tutapanda raksha ya magurudumu matatu mpaka uwanja wa ndege, mimi na wewe na yeye, maana amekwisha kuvaa hereni za safari moyoni mwake na hakuna wa kumzuia. Wasindikizaji huishia mlangoni. Utanikumbatia, utaingia, na utakuwa na mwendo mrefu wa kutembea peke yako kabla ya kukunja kona, nami nitakuwa nyuma ya kioo nikikutazama mgongo. Najijua. Nitaona kamba ya kiatu, au zipu iliyo wazi, au sitaona kitu chochote, na mdomo utafunguka wenyewe. Nimepanga kuuziba kwa mkono, lakini sijiamini, sijawahi kujiamini, ndiyo shida yenyewe. Kwa hiyo nakuomba jambo moja na ni kinyume cha yote niliyokufundisha. Ukisikia jina lako likiitwa nyuma yako, hata kama sauti ni yangu, hata kama nimelia, usisimame.

Mama